Kupandisha Toleo la Linux Bila Kupoteza Mipangilio ya Duka Lako

Je, umewahi kuacha simu yako ya Android ijisasishe usiku, na asubuhi ukapata sura mpya lakini namba zako zote, picha na programu ya pesa ziko pale pale? Hiyo si bahati. Android imejengwa juu ya Linux, na ndani ya simu mfumo umetengewa sehemu yake ya kumbukumbu, nawe umetengewa yako. Sasisho linabadilisha sehemu ya mfumo. Yako haiguswi, labda uamue mwenyewe kurudisha simu katika hali ya kiwandani.

Sasa njoo dukani. Kuna wenye maduka, kemia na saiba wanaotumia kompyuta zenye Ubuntu, Linux Mint au Debian kwa sababu hazina leseni ya kulipia na zinaenda vizuri hata kwa mashine kuukuu. Wengine walihamia huko baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hiyo ndiyo inayochapisha risiti, kuhifadhi mauzo na kuwasiliana na nambari yako ya Till. Nayo, kama simu, siku moja itakuambia: toleo jipya liko tayari.

Hapo ndipo moyo hudunda. Je, printa itakumbuka jina lake? Mfumo wa mauzo utafunguka? Malipo ya wateja yataendelea kuonekana kwenye skrini?

Jibu fupi ni kwamba mipangilio yako inaweza kubaki yote, mradi ujue inakaa wapi, uinakili kabla ya kuanza, na ujibu vizuri swali moja litakalotokea katikati ya kazi. Makala haya yatakupitisha hatua kwa hatua. Mifano yetu ni ya Ubuntu, lakini Mint na Debian zinafuata mantiki hiyo hiyo.

Kwa nini usikae tu na toleo la zamani?

Neno ubuntu linatoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Mfumo wenyewe ulianza mwaka 2004, na kila miaka 2, mwezi wa Aprili, hutoka toleo la muda mrefu linaloitwa LTS. Toleo la LTS hupata marekebisho ya usalama ya kawaida kwa miaka 5. Ubuntu 20.04 ilifikia mwisho wa huduma hiyo Mei 2025. Ubuntu 22.04 inafika 2027, na 24.04 inafika 2029.

Baada ya hapo kompyuta haizimiki. Itawaka, itachapisha, itauza. Shida ni kwamba mashimo ya usalama yakigunduliwa hayazibwi tena, na kompyuta inayoshika pesa si mahali pa kuacha dirisha wazi. Kama huwezi kupandisha toleo mara moja, Ubuntu Pro huongeza muda wa marekebisho hadi miaka 10, na mtu binafsi anaweza kuitumia bila malipo kwa kompyuta zisizozidi 5. Hiyo inakupa nafasi ya kujipanga, lakini siku ya kupandisha bado itafika.

Mipangilio yako inakaa wapi?

Linux ina mpangilio mzuri: kila kitu kina chumba chake. Ukijua vyumba hivi, umemaliza nusu ya kazi.

/home ni chumba chako. Hapa kuna nyaraka zako, picha za bidhaa, na mipangilio ya programu unazotumia wewe kama mtumiaji, kama alamisho za kivinjari. Kumbuka kwamba mipangilio mingi hapa imefichwa: jina la faili au folda likianza na nukta, halionekani hadi ubonyeze Ctrl na H ndani ya kidirisha cha faili. Mifumo mingi ya mauzo huweka funguo za siri za kuunganisha na mtandao wa malipo katika faili iitwayo .env, ambayo nayo imefichwa. Mtu akinakili tu anachokiona kwa macho, anaacha nyuma kitu muhimu kuliko vyote.

/etc ni ofisi ya meneja. Mipangilio ya mashine nzima iko hapa: printa ziko katika /etc/cups, seva ya tovuti iko katika /etc/apache2 au /etc/nginx, na manenosiri ya waifai yako katika /etc/NetworkManager au /etc/netplan. Faili zake ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua na kuyasoma.

/var/lib ni stoo. Hifadhidata za MySQL na PostgreSQL hukaa hapa, yaani mauzo yako yote, madeni ya wateja na hesabu ya bidhaa.

/var/spool/cron ni daftari la kazi za ratiba. Kama fundi wako alipanga ripoti ya mauzo ijitume kila saa tatu usiku, huenda maagizo yake yako hapa. Chumba hiki husahaulika sana kwa sababu hakiko /home wala /etc.

/opt, /srv na /usr/local ni vyumba vya wageni. Programu zilizowekwa kwa mkono, ambazo hazikutoka katika hazina ya Ubuntu, mara nyingi huishi hapa. Mfumo wa mauzo ulionunua kwa mtu binafsi unaweza kuwa mmoja wao.

Kabla ya jambo lolote lingine, muulize fundi aliyekuwekea mfumo: "Programu ya mauzo iko folda gani, na hifadhidata yake ni ipi?" Andika majibu kwenye karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta ni mali.

Njia mbili za kupandisha toleo

Njia ya kwanza ni kupandisha papo hapo. Mfumo unapakua toleo jipya na kubadilisha programu moja baada ya nyingine huku faili zako zikibaki mahali pake. Kwa Ubuntu unaweza kukubali ujumbe unaotokea kwenye skrini, au uandike amri hii:

sudo do-release-upgrade

Njia hii ndiyo inayohifadhi mipangilio mingi zaidi, na kwa duka la kawaida ndiyo tunayoipendekeza. Ila kuna masharti. Huwezi kuruka LTS: ukiwa kwenye 20.04 lazima upite 22.04 kwanza, ndipo uende 24.04. Pia, kwa aliye kwenye LTS, toleo linalofuata hutolewa kwake baada ya sasisho lake la kwanza, kwa mfano 24.04.1 ya Agosti 2024, wala si siku ile ile ya uzinduzi. Kusubiri huko ni kuzuri, kwani kasoro za mwanzo zinakuwa zimeanza kurekebishwa.

Njia ya pili ni kusakinisha upya, yaani kufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya. Inafaa kama mashine imejaa uchafu wa miaka au kama unabadilisha diski. Hapa /etc, hifadhidata na kazi za ratiba zitapotea zote kama hukunakili. Kama /home yako iko kwenye sehemu yake ya diski, unaweza kuiokoa: wakati wa kusakinisha, ichague sehemu hiyo itumike kama /home na uhakikishe kisanduku cha kuifuta hakijawekwa alama. Tumia jina lile lile la mtumiaji ulilokuwa nalo, na utaingia ukute vitu vyako. Kama hujui diski yako imegawanywaje, mwite fundi. Kosa la hapa halina njia ya kurudi.

Kabla hujagusa kitu: nakala

Hata kama unapandisha papo hapo, chukua nakala. Utahitaji diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha.

Anza na hifadhidata, kwa sababu ndiyo ghali zaidi. Usinakili tu folda ya /var/lib wakati mfumo unaendelea kuuza, kwani unaweza kupata nakala iliyokatika katikati. Tumia chombo cha hifadhidata yenyewe. Kwa MySQL au MariaDB ni mysqldump, na kwa PostgreSQL ni pg_dumpall. Vyote vinatoa faili moja ya maandishi ambayo toleo jipya linaweza kuisoma.

Kisha chukua mipangilio. Tuseme flashi yako inaonekana kama /media/duka/AKIBA:

sudo tar -czpf /media/duka/AKIBA/mipangilio.tar.gz /etc /home /opt /srv /usr/local /var/spool/cron

Kwa nini tar na si kuburuta folda kwa mausi? Kwanza, tar inabeba faili zilizofichwa. Pili, inahifadhi ruhusa, yaani nani anaruhusiwa kusoma faili gani. Flashi nyingi zinazouzwa madukani hazielewi ruhusa za Linux, kwa hivyo ukiburuta faili moja moja, taarifa hiyo inapotea. Ukirudisha faili za namna hiyo, huduma zingine zitakataa kuanza. Jihadhari na jambo moja zaidi: flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Kama /home yako ni kubwa, tumia diski ya nje au ibadilishe flashi iwe exFAT kwanza.

Mwisho, chukua orodha mbili ndogo ambazo utazishukuru baadaye:

apt-mark showmanual > orodha-programu.txt

crontab -l > kazi-za-ratiba.txt

Ya kwanza inaorodhesha programu zilizowekwa makusudi, na ya pili inaonyesha kazi za ratiba za mtumiaji uliyeingia kama yeye. Zinakili zote mbili kwenye flashi.

Je, umemaliza? Bado. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Ifungue kwenye kompyuta nyingine au kwenye folda ya muda, tafuta faili moja unayoijua, na uisome. Ikifunguka, sasa una nakala.

Flashi hiyo sasa ina funguo za malipo, manenosiri ya waifai, na huenda majina na namba za simu za wateja. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, wewe kama mwenye biashara una wajibu wa kulinda taarifa za wateja wako. Kwa hivyo usiiache juu ya kaunta. Unaweza kuifunga faili kwa nenosiri kwa kutumia amri ya gpg -c, kisha ufute ile isiyofungwa. Na usitume nakala hiyo kwenye kundi la WhatsApp hata kama fundi yuko mbali.

Tena hapa hatuzungumzii mauzo tu. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. "Kompyuta ilijifuta" si jibu utakalotaka kumpa afisa wa ushuru.

Siku yenyewe

Chagua wakati ambao duka limefungwa na kesho yake si siku ya soko. Mwisho wa mwezi, wakati mishahara imeingia na wateja wamejaa, si wakati wa majaribio.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni stima. Umeme ukipotea programu zikiwa nusu zimebadilishwa, mashine inaweza kukataa kuwaka vizuri. Laptopu iwe na betri nzima na chaja imechomekwa, na kompyuta ya mezani iwe na UPS. Ikitokea imekatika na bado inawaka, amri ya sudo dpkg --configure -a huendeleza kazi ya kupanga programu zilizobaki nusu.

La pili ni intaneti. Upakuaji unaweza kula gigabaiti kadhaa, kwa hivyo bando ya siku haitoshi kila mara. Afadhali utumie waifai isiyo na kikomo.

La tatu ni nafasi kwenye diski. Mfumo utakuambia kama haitoshi, lakini ni bora ufute takataka mapema kuliko kuambiwa usiku wa manane.

Kisha maliza masasisho ya kawaida ya toleo ulilo nalo, zima na uwashe, ndipo uanze.

Swali la Y au N

Katikati ya kazi, mfumo unaweza kusimama na kukuambia kwamba faili fulani ya mipangilio imebadilishwa na wewe au na programu, na kwamba mtengenezaji ameleta toleo jipya la faili hiyo. Halafu unauliza: ufanye nini?

Watu wengi hubonyeza chochote ili kazi iendelee. Hapa ndipo mipangilio ya duka hupotea, kwa hivyo tutulie kidogo.

Kwanza elewa kwa nini unaulizwa. Kama hukuwahi kuibadilisha faili, mfumo unaweka mpya kimya kimya, na hakuna ubaya. Kama uliibadilisha lakini mtengenezaji hakugusa yake, mfumo unaacha yako kimya kimya. Swali linatokea tu pale wote wawili mmebadilisha. Yaani kila swali unaloliona linahusu faili ambayo mtu au programu iliigusa kwa sababu fulani hapo dukani kwako.

Majibu ni haya. Y ni kuweka faili ya mtengenezaji. N ni kubaki na yako. D ni kuonyesha tofauti kati ya hizo mbili. Ukibonyeza tu Enter, mfumo unachukua N. Ukitumia kidirisha badala ya maandishi, utaona vitufe viwili, kimoja cha kubaki na cha zamani na kingine cha kubadilisha.

Ushauri wetu: anza na D. Soma tofauti. Ukiona jina la printa yako, anwani ya seva yako au kitu chochote cha duka, chagua N. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na hata kama huelewi unachokiona, N ndiyo salama zaidi kwa usiku huo, kwa sababu faili mpya haitupwi. Inawekwa kando ya yako ikiwa na mkia wa .dpkg-dist, na unaweza kuilinganisha kesho ukiwa umelala vizuri. Ukichagua Y, ile yako ya zamani inabaki na mkia wa .dpkg-old. Kwa hivyo hata aliyebonyeza vibaya bado ana nafasi.

Kazi ikiisha, tafuta mikia yote kwa amri moja:

sudo find /etc -name "*.dpkg-*" -o -name "*.ucf-*"

Pitia orodha hiyo na fundi wako. N si jibu la milele. Faili mpya inaweza kuwa na kinga mpya ya usalama, hasa kwa huduma za kuingia kwa mbali, na faili ya zamani inaweza kuwa na neno ambalo programu mpya hailielewi tena. Lengo ni kuchukua mazuri ya mpya na kubakiza yale ya duka lako.

Njia ya kupunguza maswali haya siku zijazo ni kutogusa faili kuu. Programu nyingi za Linux zina folda ambayo jina lake linaishia na .d, ambapo unaweza kuweka faili yako ndogo yenye mabadiliko yako tu. Mtengenezaji akileta faili kuu mpya, yako haiingiliwi. Mwambie fundi afanye hivyo kuanzia leo.

Faili imebaki, lakini hakuna anayeisoma

Kuna hali nyingine inayochanganya watu: mipangilio ipo, haijafutwa, lakini programu inajifanya haijui. Sababu ni kwamba programu zingine huweka mipangilio kulingana na namba ya toleo.

Mfano ni PHP, ambayo mifumo mingi ya mauzo inaitegemea. Ubuntu 22.04 ina PHP 8.1 na 24.04 ina 8.3. Mipangilio yako ya zamani iko katika /etc/php/8.1, lakini toleo jipya linasoma /etc/php/8.3, ambayo imeanza na mipangilio ya kiwandani. Tuseme ulikuwa umeongeza kikomo cha ukubwa wa faili ili uweze kupakia taarifa ya mwezi ya Till. Kikomo cha kiwandani ni megabaiti 2. Ghafla mfumo unakataa faili ya megabaiti 5, na unadhani kampuni ya malipo imeharibu kitu. Dawa ni kufungua faili mbili za php.ini, ya zamani na mpya, na kuhamisha mabadiliko yako kwa mkono.

PostgreSQL ni vivyo hivyo. 22.04 ina toleo la 14, na 24.04 ina la 16. Toleo jipya likiwekwa, linaanza tupu, huku data yako ikiwa bado kwenye la 14. Ukiona hifadhidata tupu usiingiwe na hofu, na zaidi ya yote usifute la zamani. Amri ya pg_lsclusters itakuonyesha yote mawili, na fundi anaweza kuhamisha data kwa pg_upgradecluster au kwa ile nakala uliyochukua.

Jambo la tatu ni hazina za nje. Programu ulizoweka kutoka hazina zisizo za Ubuntu huzimiwa hazina zao wakati wa kupandisha. Programu yenyewe kwa kawaida inabaki, lakini haitapata masasisho hadi uwashe hazina hiyo tena kwa toleo jipya. Na mwishoni, mfumo ukikuuliza kama ufute programu zilizopitwa na wakati, sema hapana kwanza. Utazifuta baada ya kujaribu kila kitu.

Jaribio kabla ya kufungua mlango

Usingoje mteja akujaribie. Asubuhi, kabla ya kufungua, fanya haya:

1. Andika timedatectl na uhakikishe eneo ni Africa/Nairobi na saa ni sahihi. Saa ikipotoka, miunganisho salama ya malipo inaweza kukataa, na risiti zitakuwa na muda wa uongo.

2. Chapisha risiti ya majaribio.

3. Fungua mfumo wa mauzo na utafute mauzo ya wiki iliyopita. Je, jumla inalingana na daftari?

4. Lipia kitu cha shilingi 10 kwenye Till yako kwa simu nyingine. Ujumbe wa uthibitisho umefika kwenye simu? Malipo yameonekana kwenye skrini ya kompyuta?

5. Andika crontab -l na ulinganishe na ile orodha uliyohifadhi.

6. Zima kompyuta, iwashe, na urudie hatua ya pili hadi ya nne. Kuna huduma zinazofanya kazi leo lakini zimesahau kujiwasha.

Je, malipo yasipoonekana?

Tuseme umefungua, mteja amelipa, na skrini imenyamaza. Tulia. Pesa ya Till haikai ndani ya kompyuta yako, na haikai ndani ya simu wala laini. Iko kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma. Kilichokatika ni mawasiliano kati ya mfumo wako na mtandao wa malipo.

Kwa hivyo usimwambie mteja alipe tena. Angalia ujumbe wa uthibitisho kwenye simu ya biashara, au fungua taarifa ya Till, na ulinganishe nambari ya muamala na ile iliyo kwenye simu ya mteja. Usitegemee tu ujumbe anaokuonyesha yeye, kwani walaghai hupenda siku kama hizi ambazo muuzaji amechanganyikiwa. Ukiona muamala upande wako, mpe bidhaa, andika nambari hiyo kwenye daftari, na uingize mauzo baadaye mfumo ukirudi. Akiwa kweli amelipa mara mbili, fuata utaratibu wa kurejesha pesa wa mtoa huduma wako.

Duka linaweza kuendesha hivi siku nzima, au hata mbili, huku fundi akitafuta tatizo. Daftari la karatasi na kalamu viwe tayari kwenye kaunta tangu usiku wa kupandisha.

Fundi na PIN yako

Hakuna hatua hata moja katika makala haya inayohitaji PIN yako ya pesa. Hakuna. Fundi anaweza kuhitaji nenosiri la kompyuta, na anaweza kuhitaji funguo za kuunganisha mfumo, lakini akikuomba PIN, au akikuomba umsomee namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu yako, simamisha kazi hapo hapo.

Baada ya fundi kuondoka, badilisha nenosiri la kompyuta. Kama alibeba nakala ya mipangilio kwenye flashi yake, mwombe aifute mbele yako, na umuulize mtoa huduma wako jinsi ya kutoa funguo mpya za kuunganisha na kuzima zile za zamani. Mpe fundi wako heshima yake na malipo yake, lakini funguo za duka zibaki kwa mwenye duka.

Kwa ufupi

- Jua vyumba vyako: /home, /etc, /var/lib, /var/spool/cron, /opt, /srv, /usr/local.
- Nakili hifadhidata kwa chombo chake, na mipangilio kwa tar. Jaribu nakala kabla ya kuiamini.
- Panga stima, intaneti na muda. Usiruke LTS.
- Kwenye swali la Y au N, soma kwa D, na ukiwa na shaka chagua N. Rudi kwenye mikia kesho.
- Kagua programu zinazofuata namba ya toleo, kama PHP na PostgreSQL.
- Jaribu malipo ya shilingi 10 kabla ya kufungua.
- PIN ni yako peke yako.

Je, unapanga kupandisha toleo mwezi huu na hujui mfumo wako wa mauzo unatumia funguo gani za malipo? Wasiliana na huduma kwa wateja kupitia programu yako kabla ya siku hiyo, ukiwa na nambari yako ya Till mkononi. Hatutakuomba PIN. Na kama rafiki yako wa duka jirani naye anatumia Linux, mtumie makala haya kabla hajabonyeza kile kitufe.